Dredi nchini Kenya: Maandalizi ya nywele na uteuzi wa njia ya kuzianzisha

NAIROBI, KENYA – Katika vibanda vya ususi vya Kenyatta Market jijini Nairobi, mtu anaweza kuingia asubuhi na nywele fupi na kutoka jioni na dredi zinazoonekana kana kwamba zimekaa kichwani mwaka mzima. Kasi hiyo ndiyo inayowavutia wengi, hasa vijana na wanawake waliochoka kutia dawa nywele zao. Hata hivyo, mambo yanayoamua kama dredi hizo zitadumu miaka kumi au zitakatwa kabla ya mwaka kwisha huwa yamekwisha kuamuliwa kabla msusi hajaanza kusokota: afya ya ngozi ya kichwa, masalia ya dawa katika nywele, ukubwa wa mafungu ambamo nywele zitagawanywa, na iwapo njia iliyoteuliwa inalingana na maisha ya kila siku ya mwenye kichwa.

Msikilizaji anayesafiri katika ukanda huu anahitaji kwanza kuwa mwangalifu na jina. Nchini Tanzania, kusuka rasta kwa kawaida humaanisha kusuka nywele pamoja na nyuzi za bandia, mtindo unaofumuliwa baada ya wiki chache. Nchini Kenya, neno hilohilo huelekea zaidi kwenye dredi zenyewe au kwa mtu aliye nazo, awe mfuasi wa imani ya Rastafari au asiwe. Hapa dredi zinatajwa kwa maana moja tu: nywele za mtu mwenyewe zilizoshikana kiasi kwamba haziwezi tena kuchanwa bila kazi kubwa. Dredi za nyuzi laini za bandia, zinazoshonewa juu ya nywele zilizosukwa, ni pambo la muda na hazimo katika mjadala huu.

Jinsi nywele zinavyoshikana

Kichwa cha mtu mzima hupoteza nywele zipatazo 50 hadi 100 kila siku. Kwa anayechana, nywele hizo hutoka na kitana. Zikizuiwa ndani ya fungu lililosokotwa, hujizungusha kwenye zile ambazo bado zina mizizi, na miezi inavyopita fungu hugeuka kuwa kamba imara. Dredi, kwa hiyo, hujengwa kwa sehemu kubwa na nywele zilizokwisha kung'oka. Ndiyo maana anayezifumua baada ya muda hushtuka kuona nywele nyingi mkononi. Nyingi kati ya hizo zilidondoka zamani, zikakosa tu pa kutokea.

Nywele za kipilipili, zenye mikunjo midogo na mingi, hushikana upesi, aghalabu kati ya miezi 6 na 12. Zenye mawimbi huchukua muda mrefu zaidi, na nywele za singa zinaweza kuhitaji miaka 2 au zaidi. Kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na katika kushikana hujikunja zikiingia ndani, dredi nyingi huonekana kufupika katika nusu ya kwanza ya mwaka. Wengi hukata tamaa katika kipindi hicho wakidhani kuna kasoro, ilhali ni ishara kwamba kazi inakwenda sawa.

Kutokana na hayo, hakuna njia ya saluni inayotengeneza dredi iliyokomaa kwa siku moja. Kila njia hupanga tu nywele ili zishikane kwa mpangilio fulani, na tofauti kati ya njia moja na nyingine ni gharama, muda na kiasi cha nguvu ambazo unywele utabebeshwa.

Maandalizi ya kichwa

Jambo la kwanza la kuchunguza ni dawa ya kulainisha. Dawa hiyo huvunja viungo vya ndani vya unywele, na sehemu iliyokwisha kulainishwa hairudii mikunjo yake ya asili. Sehemu mpya inayoota chini yake huwa ya kipilipili, na pale zinapokutana pana udhaifu mkubwa. Nywele za namna hiyo zikisokotwa, hukatika papo hapo au baada ya wiki kadhaa. Suluhisho ni mawili: kukata zote na kuanza na zile mpya, au kusubiri hadi zile mpya zifike urefu wa kutosha kisha ncha za dawa ziondolewe. Kwa njia nyingi urefu unaotosha ni kati ya sentimita 5 na 8, ambao ni sawa na kusubiri miezi ipatayo 5 hadi 8. Wapo wasusi wanaokubali kusokota mashina mapya na kuziacha ncha za dawa zining'inie. Ncha hizo hazishikani. Hubaki zimenyooka kama ufagio, na mwishowe mkasi hupita.

Nywele zilizounguzwa na pasi ya nywele au kufifishwa rangi kwa kemikali nazo huhitaji uangalifu, ingawa si lazima zikatwe zote. Kipimo rahisi ni kuvuta taratibu unywele mmoja uliolowa: ukinyumbuka kidogo na kurudi, una uhai wa kutosha, ukinyumbuka bila kurudi au kukatika mara moja, haujawa tayari.

Ngozi ya kichwa ndiyo inayosahaulika zaidi, labda kwa sababu haionekani katika picha ambazo wateja huwaonyesha wasusi. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu unaoacha mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, na huambukizwa kwa urahisi kupitia vitana na mashine za kunyolea. Kwa kuwa ukungu huo huingia ndani ya unywele wenyewe, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Kwa kawaida huhitaji vidonge vinavyoandikwa na mhudumu wa afya kwa wiki kadhaa. Kuanzisha dredi juu ya mapunye ni kufungia ugonjwa ndani. Mba nao unafaa kutibiwa kabla, kwa sababu baada ya nywele kushikana ni vigumu kuifikisha dawa kwenye ngozi, na magamba meupe yanayonasa ndani ya dredi hayatoki kirahisi.

Uchunguzi mwingine ni wa ukingo wa nywele, yaani juu ya paji na juu ya masikio. Mtu ambaye kwa miaka mingi amesuka nywele kwa kukaza anaweza kuwa na ukingo uliorudi nyuma bila yeye mwenyewe kutambua. Upara unaotokana na kuvutwa huanza kwa maumivu, vipele vidogo kwenye mashina na nywele nyembamba za pembeni. Ukigunduliwa mapema na mvuto ukaondolewa, nywele huota tena; ukiachwa, vinyweleo hugeuka kovu na nywele hazirudi. Mwenye dalili hizo anashauriwa kuziacha nywele zake zipumzike kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza, na atakapoanza, nywele za pembeni zipewe mafungu makubwa kidogo ili zisibebe uzito kupita nguvu zao. Anayehisi maumivu ya kichwa usiku ule wa kwanza hana sababu ya kuvumilia. Msemo wa saluni kwamba urembo ni maumivu umewapotezea wanawake wengi nywele za paji.

Uoshaji wa siku ya kuanza si kazi kubwa. Nywele huoshwa mara mbili au tatu kwa shampuu inayoondoa masalia ya mafuta na krimu, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Mafuta mazito na krimu za kulainisha huachwa siku hiyo, kwa kuwa nywele zinazoteleza hazishikani. Sabuni ya kufulia, ambayo wengine huisifu kwa kukausha nywele, haifai. Huichubua ngozi na kuufanya unywele kuwa mkavu kiasi cha kukatika. Baada ya hapo nywele huchanwa kikamilifu kuanzia nchani kuelekea kwenye shina, kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Mafungu huamua unene

Uamuzi usiorudi nyuma kirahisi ni ugawaji wa mafungu. Ukubwa wa mraba unaokatwa kwenye ngozi ya kichwa ndio unaoamua unene wa dredi itakayokomaa. Mafungu makubwa hutoa dredi chache nene ambazo ni rahisi kutunza lakini huwa nzito zikirefuka, hukauka polepole na huacha njia pana zinazoonekana. Mafungu madogo hutoa dredi nyingi nyembamba zinazokubali mitindo mingi, ila kila moja ni kazi ya ziada kwa miaka yote itakayofuata. Kichwa chenye dredi za unene wa kati huwa na takriban mia moja.

Mafungu hupangwa vyema kama matofali ya ukutani, kila safu ikiziba mwanya wa safu iliyo chini yake. Yakipangwa kwa mistari iliyonyooka, ngozi huonekana kama barabara kutoka paji hadi kisogo. Mteja mwerevu huomba msusi agawe kichwa chote kwanza kabla ya kusokota fungu hata moja, akaangalia kwenye kioo, na kukataa pale ambapo shina ni dogo mno kuliko nywele linazotakiwa kushika. Dredi nyembamba kwenye shina na nene nchani ndiyo hung'oka mapema.

Njia zenyewe

Kwa nywele fupi za kipilipili, njia ya kale na ya bei nafuu ni kusokota kwa kitana. Msusi huingiza ncha ya kitana kwenye shina la fungu, akalizungusha kuelekea upande mmoja hadi nchani, na fungu likawa kama spiringi. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Udhaifu wake ni maji: spiringi hizo hufumuka kwa urahisi katika wiki za mwanzo, hivyo hazimfai anayeogelea, anayefanya mazoezi makali au anayetoka jasho jingi kazini. Wenye nywele ndefu kidogo, sentimita 7 au zaidi, hufaidika na misokoto ya mikia miwili, ambapo fungu hugawanywa mara mbili na kupishanishwa kama kamba. Huvumilia kuoshwa zaidi, ingawa alama za kupishana huonekana kwa miezi mingi kabla ya dredi kuwa mviringo. Kusuka mafungu kwa mikia mitatu na kuyaacha yashikane hufanya kazi vilevile, polepole zaidi.

Njia ya ndoana ni tofauti. Hapa ncha ya fungu hupitishwa katikati ya shina lake kwa ndoana ndogo, kutoka pande zinazobadilishana, hadi fundo linapoufikia mpaka wa ngozi. Matokeo yake hayafumuki kwa maji, jambo linaloipa sifa miongoni mwa wanamichezo. Kuna sharti moja: upande wa kupitisha lazima ubadilike kila mara. Msusi anayepitisha upande uleule hutengeneza tundu kwenye shina, na dredi hupasuka mara mbili kama mguu wa suruali. Vilevile, asivute hadi ngozi iinuke. Sisterlocks, dredi nyembamba mno zilizobuniwa Marekani katika miaka ya 1990 na kulindwa kama alama ya biashara, ni za ukoo huu wa ndoana, zikiwa na kifaa chake maalumu na mafunzo yake. Kichwa kimoja huwa na mamia ya dredi na kazi ya kuanzisha huweza kuchukua zaidi ya siku moja. Nchini Kenya zimependwa na wanawake wa ofisini kwa kuwa huanguka na kuchanwa upande kama nywele za kawaida. Ni za ghali, na anayekwenda kwa msusi asiye na mafunzo kwa sababu ya bei hulipa tena pale mafungu yanapounganishwa upya.

Njia inayotawala vibanda vya Nairobi kwa sasa ni ya sindano ya kroshia. Msusi huingiza sindano nyembamba ndani ya fungu na kuvuta nywele mbele na nyuma mara mamia, hadi zinabanana na kuwa kamba ngumu. Dredi huonekana zimekomaa siku hiyohiyo, na hata nywele za singa hukubali. Kwa mkono wenye uzoefu njia hii ni nzuri, hususan kwa kuingiza ndani nywele zilizochomoza. Kwa mkono wenye haraka, ndoana hukata nywele badala ya kuzivuta, na madhara hayaonekani hadi miezi kadhaa baadaye, dredi inapolegea katikati na kukatika. Dalili ya kazi mbaya ni dredi ngumu kama kijiti, na rundo la vipande vifupi vya nywele mabegani mwa mteja. Akiviona, ana haki ya kusimamisha kazi.

Wenye nywele za singa pia hutumia kitana chembamba kuchana fungu kinyume, kutoka nchani kuelekea kwenye shina, mpaka likavimba na kushikana. Wengine huachana na wasusi kabisa: huosha nywele, huacha kuchana, na kutenganisha kwa vidole mashina yanayotaka kuungana. Ndiyo njia ya waumini wengi wa Rastafari, haina gharama, na ndiyo inayoivuta ngozi kwa uchache kuliko zote. Unene wake haubashiriki, na mwaka wa kwanza humtaka mwenye nazo awe na moyo mgumu mbele ya shangazi na majirani.

Nta ni suala linalozua ubishi katika kila saluni. Nta ya nyuki na zile zenye mafuta ya petroli hushikilia msokoto vizuri siku ya kwanza, lakini haziyeyuki kwa maji. Hujikusanya ndani ya dredi, zikanasa vumbi na nyuzi za nguo, na baada ya mwaka dredi iliyopasuliwa huonyesha kiini cha kijivu ambacho shampuu haikifikii. Utomvu wa mshubiri au jeli nyepesi inayoyeyuka majini hufanya kazi ileile bila deni hilo.

Miezi ya kwanza

Dredi zilizosokotwa kwa kitana huachwa wiki 2 hadi 4 kabla ya kuoshwa kwa uangalifu, zikifunikwa kwa wavu au kitambaa chepesi. Za ndoana zinaweza kuoshwa mapema zaidi. Baada ya hapo uoshaji wa kila wiki moja au mbili ni sawa. Imani kwamba dredi hazioshwi haina msingi, kwani uchafu na mafuta huzizuia kushikana. Mashina husokotwa upya kila baada ya wiki 4 hadi 6. Anayerudi kwa msusi kila wiki ili yaonekane nadhifu huyapunguza unene hadi yanakatika, na kosa hili ni la kawaida zaidi kwa watu wanaopenda usafi kuliko kwa wazembe.

Ukaushaji ni muhimu, hasa katika miezi ya baridi ya Nairobi kati ya Juni na Agosti. Dredi nene iliyofungwa kilemba ikiwa na unyevu huota ukungu ndani na kutoa harufu ambayo haiondoki kwa manukato. Inafaa kuosha asubuhi, kukamua kwa taulo, na kutumia kikaushio cha joto la wastani ikiwa jua halipo. Usiku, kitambaa cha satini huzuia nyuzi za blanketi kuingia.

Shule na kazi

Nchini Kenya nywele hizi zina historia nzito. Wapiganaji wa Mau Mau waliacha nywele zao zishikane katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya 1950, na picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956 inamwonyesha akiwa na dredi. Muthoni Kirima, aliyekuwa mwanamke mwenye cheo cha Field Marshal katika vita hivyo, alizitunza zake kwa takriban miaka 70 hadi zilipokatwa Aprili 2022. Alifariki dunia mwaka uliofuata. Licha ya heshima hiyo, kwa miongo mingi kijana mwenye dredi amehusishwa na uhuni, na shule nyingi za ukanda huu bado hudai nywele fupi.

Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba shule moja ya sekondari ya eneo la Kibra ilikiuka haki za mwanafunzi wa familia ya Rastafari kwa kumzuia kusoma kwa sababu ya dredi zake. Uamuzi huo uliitambua Rastafari kuwa dini inayolindwa na Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 32 inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi au ajira kutokana na imani yake. Mei 2023, Mahakama Kuu ya Malawi iliyokaa Zomba nayo iliagiza shule za umma ziwapokee watoto wa Rastafari wenye dredi.

Maamuzi yote mawili yamejengwa juu ya dini. Mzazi anayemwanzishia mtoto dredi kwa ajili ya mtindo, hata akiwa Nairobi, hawezi kuyategemea, na mkuu wa shule anaweza kudai zikatwe siku ya kwanza ya muhula. Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayeomba kazi katika jeshi, ulinzi au hoteli zenye kanuni za mavazi. Kwa kuwa dredi zilizokomaa hazifumuliki bila siku nyingi za kazi na upotevu mkubwa wa nywele, kanuni za shule au za mwajiri husomwa kabla ya kumlipa msusi. Anayesubiri jibu anaweza kuanza na misokoto ya mikia miwili, ambayo katika wiki 4 za mwanzo bado hukubali kufumuliwa na kuchanwa bila hasara.